Mwaka wa Nati za Kufuli

Aidani alikuja kumzika Mama Mdogo. Hakuna aliyeniambia kwamba atakuja, na mimi sikumpelekea taarifa, kwani ningeanzaje? Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana, baridi ya Mbeya imekaza, wanaume wamebanana kwenye moto uani na sisi wanawake tumejaa sebuleni kwangu juu ya mikeka, nikasikia mtu anasalimia mlangoni kwa sauti ya chini, "Kamwene." Sisi Wanyakyusa hatusalimiani hivyo, hiyo ni salamu ya Wahehe wa Iringa. Nikainua macho. Mzee mrefu, koti la kijivu limempwaya, kofia mkononi, bega la kushoto limetangulia la kulia. Imepita karibu miaka hamsini, lakini bega lile ningelitambua popote. Alinipa mkono, akasema pole kwa msiba, akatoka kwenda kukaa na wanaume wenzake. Kwa siku mbili nilipokea wageni, nikasimamia masufuria, nikalia pale ilipobidi kulia, na kichwani nina swali moja tu: huyu mtu, kati ya watu wote wa dunia hii, amefuata nini kwenye msiba wa mke wa yule aliyempeleka jela?

Nina miaka sabini na moja na sina muda wa kujipamba. Sitaanza na nilikozaliwa wala babu yangu alikuwa nani. Ukoo wangu haukufanya nilichokifanya mimi. Nitaanza na chumba. Kilikuwa cha mwisho upande wa nyuma wa nyumba ya Baba Mdogo, Gangilonga, mjini Iringa, mwaka ule ambao Wachina walikuwa wanamalizia reli. Mle ndani palikuwa na kitanda cha chuma, msumari wa kutundika magauni yangu matatu, na magunia mawili ya maharage, kwa sababu chumba kile kilikuwa stoo kabla yangu na kiliendelea kuwa stoo baada ya mimi kuhamia. Nililala na harufu ya maharage mwaka mzima. Kilikuwa na dirisha moja la nondo, pazia la kanga kuukuu, na ukifunua pazia unalitazama banda la mabati lililokuwa hatua kumi na tano hivi kutoka ukutani. Ndani ya banda hilo ndimo Baba Mdogo alimoficha gari lake.

Nasema alilificha kwa sababu alikuwa kiongozi. Baba Mdogo, mume wa mdogo wake mama, alikuwa meneja wa kampuni ya umma iliyokuwa ikinunua mazao ya wakulima, na ule ulikuwa wakati wa miiko ya uongozi. Miiko haikutaja gari la spoti kwa jina, lakini hakuna aliyehitaji kusomewa. Kiongozi alipanda Land Rover ya ofisi, alivaa suti ya mikono mifupi, alihutubia wakulima juu ya kujitegemea. Baba Mdogo aliyafanya yote hayo, na vizuri. Ila alikuwa amenunua Datsun ya milango miwili kutoka kwa mkulima mmoja wa tumbaku, mgeni, aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, pua ndefu, imelala chini hata kuku walipita kwa shida chini yake, na rimu zake hazikuwa za chuma kama za magari mengine. Zilikuwa za aluminiamu, zinang'aa kama sufuria mpya. Kadi ya gari iliandikwa jina la kaka yake. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, aliitoa, akateremka nayo mpaka Ipogolo, akaipandisha tena kwenye zile kona za mlimani, akarudi nyumbani kabla ya saa nane mchana, kwani baada ya hapo magari yasiyo na kibali hayakuruhusiwa kutembea siku ya Jumapili. Mama Mdogo hakuwahi kupanda. Alisema vigoda vya jikoni kwake vinatosha, hana haja ya kukaa chini zaidi.

Mimi nilifanya kazi Ipogolo, kwenye gereji iliyokuwa kando ya barabara kuu, pale ambapo malori ya Zambia yalisimama kabla ya kuendelea. Nilikaa kaunta ya vipuri, na kwa kuwa vipuri havikuwepo, kazi yangu hasa ilikuwa kusema hakuna. Hakuna plagi. Hakuna mpira wa breki. Tairi ndiyo usiulize kabisa. Mwaka ule tairi lilikuwa adimu kuliko sukari, na ukiacha gari nje unaweza kuamka ukalikuta limekaa juu ya mawe, magurudumu yote manne yameondoka. Ilimpata daktari mmoja wa hospitali ya mkoa, ikampata mwalimu mkuu aliyekuwa jirani yetu. Baba Mdogo akashindwa kula. Nakumbuka alivyokuwa akiinuka mezani katikati ya ugali kwenda kupapasa mlango wa banda. Mwisho akamwandikia rafiki yake aliyekuwa masomoni Ulaya, na huyo aliporudi likizo akamletea nati nne za kufuli, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta kama dhahabu.

Gurudumu moja la gari lile lilishikwa na nati nne. Unatoa moja ya kawaida, unaweka moja ya kufuli. Hiyo hata mwizi awe na spana za dunia nzima haitoki, maana kichwani haina pembe za kushikwa na spana. Ina mfereji uliopinda ovyo, kama ukingo wa chapati iliyosukumwa na mtoto, na ni kikombe kimoja tu cha chuma, ufunguo wake, kinachoingia mle kikakaa. Ukipoteza kikombe hicho, hata wewe mwenye gari huna gurudumu. Inabidi fundi aipasue nati kwa tindo, na rimu ya aluminiamu ikiguswa na tindo imekwisha.

Baba Mdogo aliuliza mezani ni fundi gani anayeweza kuzifunga bila kupayuka mitaani. Nikamtaja Aidani. Nililitaja jina mimi mwenyewe, kwa fahari. Aidani alikuwa fundi wetu pale gereji, kijana wa Kilolo, Mkatoliki, ana miaka ishirini na sita, na kila jioni alikuwa akinisindikiza kupanda mlima mpaka nusu ya njia, kwa sababu hakutaka waseme amenifikisha mlangoni. Tulikuwa tumeshaelewana. Mshenga alikuwa amekwisha kupatikana, mjomba wake mmoja mwenye kigugumizi, na tulicheka sana tukifikiria itamchukua muda gani kumaliza sentensi mbele ya Baba Mdogo. Aidani alikuja Jumamosi mchana, akazifunga zile nati taratibu, akazifuta kwa kitambaa. Mama Mdogo alikuwa ameandaa sahani ya fundi nje, kwenye kizingiti cha jiko, kama desturi. Baba Mdogo akasema hapana, huyu ale na mimi. Nilipeleka maji ya kunawa, nikapeleka ndizi zilizopikwa kwa maziwa na nyama ya mbuzi, nikabaki nimesimama nyuma ya kiti kwa ajili ya kuongeza mchuzi.

Pale mezani Aidani akamweleza desturi yake. Kila ufunguo wa ajabu uliopita mikononi mwake aliukandamiza kwenye kipande cha sabuni ya mche, ukaacha chapa, na sabuni hizo alizihifadhi kwenye boksi chini ya kitanda chake, kila moja imekwaruzwa jina la mwenyewe. Wateja wanapoteza funguo, akasema, halafu wanakuja kulia. Akiwa na chapa anachukua kipande cha chuma, anakibana kwenye jiliwa, anakisugua kwa tupa siku mbili tatu, anamtoa mtu kwenye matatizo. Hakuna fundi wa kwetu ambaye hakufanya hivyo. Katika nchi isiyo na vipuri, chapa ya sabuni ndiyo ilikuwa stoo yetu. Aliomba ruhusa kwa adabu. Baba Mdogo akacheka, akampigapiga begani.

"Chukua chapa, fundi. Na utengeneze kabisa wa akiba, ukae nao wewe. Mimi huu nitaupoteza kabla ya Krismasi."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi, na lilikuwa la moto, nikawa nalihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Nikaongeza mchuzi kwenye sahani ya Aidani kuliko ilivyostahili, na Baba Mdogo akaniona, akatabasamu.

Zikapita wiki sita hivi. Ikaja habari kwamba wakaguzi wanatoka makao makuu kuzunguka mkoa wetu, kutazama viongozi wanavyoishi. Sikuambiwa mimi, nani angeniambia? Niliipata kwa kusikiliza, kwani nyumba ile ilikuwa na kuta nyembamba na Baba Mdogo alikuwa na sauti nene. Mkewe hakuambiwa pia. Baba Mdogo alikuwa akisema waziwazi kwamba siri ukimpa mke wake, ni afadhali uisome redioni. Hilo lilikuwa neno la utani ndani ya nyumba, tulilicheka wote, hata mwenyewe Mama Mdogo.

Jumapili moja nilikuwa na malaria. Nilitoka kazini Jumamosi natetemeka, Aidani akanipandisha mlima wote safari hiyo mpaka mlangoni, akasema kesho usitoke kitandani. Sikutoka. Mama Mdogo alikwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani, na aliamini, kama Baba Mdogo alivyoamini, kwamba homa imepungua na mimi nimeshateremka kwa rafiki yangu. Saa tisa mchana nikasikia Land Rover ya ofisi inaingia uani. Hiyo ilikuwa na kibali cha Jumapili. Nikafunua pazia kidogo. Baba Mdogo alikuwa amevaa fulana ya ndani, amechuchumaa mbele ya Datsun, ufunguo wa kikombe mkononi, jasho linamtiririka. Sikuwa nimewahi kumwona akishika spana. Dereva wake, Chaula, alikuwa akipandisha jeki. Walitoa gurudumu moja baada ya lingine, wakaweka mawe chini ya gari, wakapakia magurudumu yote manne kwenye Land Rover na kuyafunika kwa turubai. Na kwa kuwa Baba Mdogo alikuwa mtu wa utaratibu, kila nati aliirudisha mahali pake kwenye skrubu yake, zote kumi na sita, asije akapoteza hata moja. Kisha waliingia sebuleni, wakala kiporo cha wali na maharage, nami nikasikia mpango mzima kupitia ukutani. Magurudumu yatakaa Kilolo kwa shemeji yake Chaula. Wakaguzi wakija wataliona gari juu ya mawe, limejaa vumbi, wataambiwa ni mzoga aliouacha mkulima mgeni. "Gari lisilo na miguu si mali," alisema Baba Mdogo, na Chaula akacheka. Hapo nikakohoa. Kikohozi cha malaria hakiombi ruhusa. Sebuleni viti vikasukumwa ghafla, na baada ya muda nikasikia Land Rover inaondoka.

Alfajiri ya Jumatatu Baba Mdogo alisafiri kikazi kuja huku Mbeya. Saa mbili asubuhi Mama Mdogo akaenda bandani kuchukua mkaa. Yowe alilolipiga nalisikia mpaka leo. Hakuuliza mtu, hakusubiri mtu, na kwa nini asubiri? Ameona gari la mumewe limekaa juu ya mawe kama la daktari, kama la mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa bafuni najimwagia maji ya moto, na nilipofunga kanga na kutoka, majirani walikuwa wameshajaa uani, mtu mmoja ameshapanda baiskeli kwenda polisi. Mara ngapi nimejiuliza ingekuwaje kama ningewahi kutoka dakika tano kabla. Pengine ningemshika mkono nikamnong'oneza, yakaisha. Pengine nisingesema kitu. Kwa yaliyofuata, naona la pili ndilo lenye ukweli.

Polisi walitazama zile nati. Hazikupasuliwa, hazikukwaruzwa, kwa hiyo aliyezifungua alikuwa na ufunguo. Tena zimerudishwa kila moja mahali pake, na afisa mmoja akasema kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni tabia ya fundi, mwizi wa kawaida angezitupa. Wakauliza nani alizifunga. Mama Mdogo akawaambia. Kufikia saa kumi jioni walikuwa chumbani kwa Aidani, wamevuta boksi chini ya kitanda, na wamelikuta boksi zima la sabuni zenye chapa za funguo za watu, pamoja na kikombe cha chuma kilichosuguliwa kwa tupa, kizuri kuliko kile cha Ulaya. Kwa macho ya polisi ilikuwa kama kukuta ghala la jambazi. Mji mzima ukaamini siku hiyohiyo. Wateja waliokuwa wamemshukuru kwa machozi walikuja gereji kuchukua magari yao, na mmoja alitema mate mlangoni.

Nilijipa moyo kwamba Baba Mdogo atarudi na kulimaliza. Nilimngoja kama mtu anavyongoja mvua. Akarudi Jumatano, na wakaguzi walikuwa wameshafika mjini tangu Jumanne. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alifanya hesabu yake haraka. Akisema ukweli, anakiri mbele ya wakaguzi kwamba gari ni lake na kwamba alilificha. Akinyamaza, anakuwa mtu aliyeibiwa, na gari ni la kaka yake. Usiku ule hakula. Mama Mdogo alimwekea ugali na mboga ya maboga, akavimega mara mbili, akaviacha, akaniita nje kwenye baraza. Hakunitisha. Ningependa kuandika kwamba alinitisha. Aliniuliza homa inaendeleaje, akaniuliza kama bado nataka kwenda chuo cha uhazili, maana kuna nafasi moja ya ofisi yake, naye ndiye anayependekeza jina. Nikasema nataka. Akasema Aidani hatakaa sana, miezi michache, yeye mwenyewe atamsemea chinichini mambo yakipoa. Halafu akasema, "Wewe ni mtoto wa nyumba hii, Tupo." Nikaitika, "Ndiyo, Baba."

Mahakama ilikuwa na benchi refu la mashahidi, na dirisha lililopasuka kona. Waliniita kwa sababu moja tu, kuthibitisha kwamba mshitakiwa alikuwa na desturi ya kuchukua chapa za funguo, kwa kuwa nilifanya naye kazi. Nikathibitisha. Baba Mdogo alikuwa ameshatoa ushahidi wake. Alisema ufunguo haukutoka mfukoni mwake, na kwamba hakumpa mtu yeyote idhini ya kutengeneza mwingine. Alisema kwa ile sauti yake ya kuhutubia wakulima. Aidani hakuwa na wakili. Hakimu akamwambia kama ana swali kwa shahidi aulize. Alikuwa amenyolewa nywele, miguu peku, akaweka mikono juu ya kizimba. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama mlango anaojua utafunguliwa.

"Tupo. Siku ile mezani ulikuwa unatugawia chakula. Meneja aliniambia nini kuhusu ufunguo?"

"Sikusikia," nikasema. "Nilikuwa jikoni."

Hakimu akamuuliza kama ana swali lingine. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema hana. Nikashuka, nikakaa benchi pembeni ya Mama Mdogo, ambaye alinishika goti na kunipa pole, akidhani nasikitika kwamba mchumba wangu ni mwizi. Maskini, wakati huo alikuwa bado hajui. Miaka mitatu, alisema hakimu. Mama yake Aidani alikuwa nyuma kabisa, ametoka Kilolo kwa miguu mpaka barabarani na kisha kwa lori. Hakulia. Alikunja kanga yake ya pili, akaiweka kichwani, akatoka.

Haya, na nini kilifuata? Nilikwenda chuo. Nilijifunza kupiga chapa bila kutazama, nikafaulu vizuri, nikawa katibu mahsusi, nikahamia Mbeya, nikastaafu kwa heshima na kupewa saa ya ukutani. Baba Mdogo hakumsemea mtu chinichini. Mambo hayakuwahi kupoa kiasi cha kumfaa. Miaka miwili baadaye aliondolewa kazini kwa sababu nyingine kabisa, na magurudumu hakuyaona tena, kwa kuwa shemeji yake Chaula aliyauza, na huyo naye ungemshitakia wapi? Datsun ilioza pale bandani, kuku wakatagia viti vyake vya ngozi. Nasikia watu wa rika langu wakisifu zama zile, kwamba viongozi walikuwa waadilifu na vijana walikuwa na utu. Nawasikiliza, nakunywa chai yangu. Mimi ni kijana wa zama zile. Nilimuuza mtu kwa nafasi ya chuo, na hata sikupatana bei.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya matanga kuvunjwa, Aidani alikuja jikoni kuniaga. Nilikuwa peke yangu, nasugua sufuria la pilau. Nikamwambia akae, akakaa kwenye kigoda. Nilimmiminia chai. Nikajikaza, nikaanza kusema kwamba ile siku ya mahakamani, na hapo akanyanyua mkono kidogo kunisimamisha.

Alisema anajua. Alisema Baba Mdogo alimfuata kule Rujewa, anakoishi yeye mpaka leo, miaka mingi iliyopita, yeye Aidani akiwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga na ana watoto wakubwa. Mzee alishuka kwenye basi na fimbo yake, mgonjwa tayari, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akaipata. Akataka watoto wote waitwe. Mbele yao akasema baba yenu hakuiba, nilimfunga mimi nikijua, akajaribu kupiga magoti na hakuweza, ikabidi wamshike. Alilala pale siku mbili. Akarudi Iringa na kumwambia mkewe, na tangu hapo Mama Mdogo alikuwa akimtumia mkewe Aidani kanga kila Krismasi, hata baada ya mzee kufa, hata miaka hii sita ya mwisho alipoishi hapa kwangu, kwenye nyumba hii, akila mezani kwangu. Kanga zilitoka mlangoni kwangu na mimi sijui. Ndiyo maana alikuja kumzika. Niliuliza kama Mama Mdogo alijua na yangu. Aidani akasema alijua.

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniuliza swali la pili, kwa sababu nililiona mdomoni mwake.

"Nilitaka kukuuliza Jumapili ulikuwa wapi," akasema. "Nilijua. Nilikupandisha mlima mwenyewe una homa, na chumba chako kinatazama bandani. Lakini uliposema ulikuwa jikoni, nikaona nikikuuliza hilo nitakuapisha uongo mara mbili. Mara moja ilitosha."

Nilimwomba msamaha. Nilisema maneno yote, ya Kiswahili na ya kwetu, mikono yangu ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Akanywa chai yake mpaka ikaisha, akaweka kikombe chini taratibu. Hakuwa na hasira, na nadhani ningeipokea hasira kwa shukrani.

"Mama," akasema, kama mtu anavyomwita mama yeyote anayeuza nyanya sokoni, "yule mzee alikuja kwangu. Kwako nimekuja mimi."

Akavaa kofia, akatoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona, sikuthubutu kumsindikiza kwa miguu. Kutoka hapa Mbeya hadi Rujewa ni mwendo wa saa mbili na ushei. Mabasi yanaanza alfajiri, na ukichelewa la kwanza unapanda la pili. Nimeishi hapa miaka arobaini na mitatu.